Habari na Sanadi Yake: Niliyojifunza kwa Walimu wa Kompyuta wa Chuo cha Wanawake



Mtoto wa kike akitamka nyumbani kwamba anataka kusomea elimu ya kompyuta, maswali anayoulizwa aghalabu huwa mawili. La kwanza, je, atapata kazi? La pili, je, kazi hiyo si ya wanaume? Yote mawili nimeyasikia ndani ya ukoo wetu tangu binti yangu alipomaliza kidato cha nne na kueleza azma yake. Shangazi zake wanaogopa asije akakaa peke yake miongoni mwa wavulana. Ami yake anadhani atajifunza kutengeneza mashine zilizoharibika. Swali la tatu, ambalo kwa mzazi Mwislamu nadhani ndilo lingepaswa kutangulia, sikulisikia: elimu hii inamsaidiaje mtu kuhifadhi amana, heshima na ukweli katika jamii yake?

Binti yangu mwenyewe ndiye aliyeniletea jibu, na alilitoa mbali. Alikuwa akisoma habari za chuo kimoja cha wanawake nchini Marekani kiitwacho Wellesley, kilichoko karibu na mji wa Boston katika jimbo la Massachusetts. Akawa ananisomea jioni baada ya Ishaa, nami namsikiliza huku nikikunja nguo. Baada ya siku chache nguo zikawa zinasubiri.

Wellesley ni chuo kilichopata hati ya kuanzishwa mwaka 1870 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1875. Ni kidogo, wanafunzi wake hawafiki elfu tatu, na wote husomea shahada ya kwanza. Bi Hillary Clinton alihitimu hapo mwaka 1969, na kabla yake, mwaka 1959, alihitimu Bi Madeleine Albright, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Vyuo vya namna hii havimfungii mwanafunzi ndani ya fani moja tangu siku ya kwanza. Anayechukua kompyuta husoma pia historia, lugha, falsafa, hata elimu ya dini mbalimbali. Sisi wa mwambao hilo halitushangazi sana. Wazee wetu walipomsomesha mtoto nahau, fiqhi, hesabu za mirathi na elimu ya nyota za kuongozea majahazi, hawakuona kwamba wamemchanganya akili.

Jambo jingine la vyuo hivi ni kwamba, kwa kukosa wanafunzi wa shahada za juu, mwalimu anayetaka kufanya utafiti hana budi kuufanya pamoja na mabinti wa miaka kumi na tisa au ishirini. Anaketi nao, anawapa sehemu ya kazi, na kazi ikitoka, majina yao huandikwa kando ya jina lake. Hapo ndipo binti yangu aliponikodolea macho na kusema, “Mama, hawangoji wazeeke kwanza.”

Mmoja wa walimu wa kompyuta wa chuo hicho ni Panagiotis Metaxas, mzaliwa wa Ugiriki. Mwaka 2003 yeye pamoja na mwanafunzi wake, Leah Graham, walichapisha utafiti mfupi katika jarida la wataalamu wa kompyuta. Waliwauliza wanafunzi 180 waliokuwa wakisoma somo la kompyuta na intaneti maswali machache ambayo majibu yake yalihitaji kutafutwa, kisha wakaangalia walivyoyatafuta. Takriban wote walikimbilia intaneti. Wachache mno walikwenda maktaba au kumwuliza mtu mwenye ujuzi. Wengi walitosheka na jibu la kwanza waliloliona, na waliokosea walikuwa na yakini sawa na waliopata. Matangazo ya biashara na propaganda ziliwanasa kwa urahisi. Ikumbukwe kwamba hawa hawakuwa watu wasiosoma. Walikuwa mabinti waliochaguliwa kuingia katika chuo chenye sifa kubwa. Elimu ya darasani peke yake haikuwakinga.

Mwenzake Metaxas katika utafiti ni Bi Eni Mustafaraj, mzaliwa wa Albania aliyepata udaktari wake Ujerumani. Kazi yao waliyoifanya mwaka 2010 ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mnamo Agosti 2009 alifariki Seneta Ted Kennedy wa Massachusetts, na Januari 2010 ukafanyika uchaguzi wa kujaza kiti chake. Walimu hawa wawili walikuwa wakikusanya jumbe zilizoandikwa katika mtandao wa Twitter kuhusu uchaguzi huo. Katika kuzichambua waliona akaunti tisa zenye tabia ya ajabu. Hazikuwa zikizungumza na marafiki. Zilikuwa zikiwajibu watu wasiozijua, watu ambao tayari walikuwa wakiuzungumzia uchaguzi, na kila jibu lilibeba anwani ya tovuti iliyompinga mgombea mmoja, Bi Martha Coakley. Walipotazama tarehe na saa, waliona kwamba akaunti zote tisa zilikuwa zimefunguliwa ndani ya dakika 13. Katika muda wa dakika 138 zilituma jumbe 929 kwa watu 573. Kisha Twitter ikazifunga.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Lakini baadhi ya waliopokea ujumbe walikuwa watu wa kweli, wenye marafiki wa kweli, nao wakaupeleka mbele kwa nia safi. Watafiti walikadiria kwamba kwa njia hiyo ujumbe huo ulipata nafasi ya kuonekana na watu zaidi ya 60,000. Tena wakati ule Google ilikuwa imeanza, wiki chache tu nyuma, kuonyesha jumbe za papo kwa papo katika ukurasa wa kwanza wa majibu yake. Kwa hiyo aliyetafuta jina la mgombea yule angeweza kukutana na maneno ya akaunti hizo tisa, akadhani ndiyo mazungumzo ya mji mzima.

Watafiti hawakudai kwamba jumbe hizo ndizo zilizomshindisha au kumwangusha mtu. Walilolionyesha ni jinsi jambo linavyofanyika. Mwongo hana haja ya kuwa na sauti kubwa. Anahitaji kulijua kundi, kuyajua yanayolipendeza au kulikera, kisha kulitupia neno na kuondoka. Waaminifu watamfanyia kazi iliyobaki. Mwaka 2017, baada ya ulimwengu kushtushwa na habari za uongo zilizoenea Facebook wakati wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka uliotangulia, walimu hawa waliandika tena na kueleza kwamba mbinu ilikuwa ileile ya mwaka 2010: kujipenyeza katika makundi ya watu wanaoaminiana na kuwalisha yale wanayopenda kuyasadiki.

Binti yangu alipofika hapo nilimwambia asimame. Nilikuwa nimekumbuka chuo chetu cha utotoni, kipindi cha mustalah al-hadith, na maalim wetu akitueleza kwa upole kwamba kila hadithi ina viungo viwili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanadi, yaani mlolongo wa watu walioyapokezana. Neno zuri lenye sanadi mbovu, alitufunza, halipewi hukumu kwa uzuri wake. Maulamaa wa hadithi walikwenda masafa ya miezi kuthibitisha riwaya moja. Waliandika vitabu vikubwa vya wapokezi: huyu alizaliwa lini, akafa lini, aliishi mji gani, alisoma kwa nani, kumbukumbu yake ilikuwaje, ulimi wake je. Mtu akidai kupokea kwa shekhe fulani, walitazama tarehe. Ikidhihiri kwamba shekhe yule alikufa kabla ya mpokezi kuzaliwa, dai lilianguka lenyewe.

Sasa tazama walivyofanya walimu wa Wellesley. Hawakuanza kwa kubishana na maneno ya ujumbe. Walianza kwa kuuliza ni nani aliyesema, alizaliwa lini ndani ya mtandao ule, alimpokea nani, na nani akapokea kwake. Tarehe za kuzaliwa kwa akaunti tisa ndizo zilizofichua njama. Sisemi kwamba kazi yao ni sawa na elimu ya hadithi, hasha. Ile ni elimu ya kuhifadhi dini, na watu wake walikuwa na taqwa iliyowaongoza. Nasema tu kwamba akili ya mwanadamu, ikitafuta ukweli kwa uaminifu, huishia kupita njia ambayo Waislamu waliifyeka karne nyingi zilizopita. Na Mola wetu katika Suratul Hujurat alikwishatuamrisha: fasiki akituletea habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto.

Madhara hayo nimeyaona kwa macho yangu. Jirani yangu mmoja, mjane mwenye mayatima wanne, huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Mwaka juzi ulizuka ujumbe wa sauti katika makundi ya WhatsApp ya wanawake wa mtaani. Mwanamke asiyejitaja jina alisema kwamba ameambiwa na mtu wa kuaminika kuwa mafuta ya kukaangia yanayotumiwa na wauzaji wa upande wetu yamechanganywa na mafuta ya nguruwe. Hakutaja mtu. Lakini upande wetu muuzaji mwenye wateja wengi alikuwa mmoja. Siku ya pili mahamri yake yalirudi ndani beseni zima. Siku ya tatu alipunguza unga. Wiki ya pili mwanawe mkubwa alirudishwa nyumbani kwa karo.

Hakuna aliyemtukana. Kila aliyeupeleka mbele ujumbe ule aliongeza maneno ya kheri: tahadhari dada zangu, tusiwalishe watoto haramu. Nia zilikuwa njema. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba riziki ya mayatima ilikatwa na watu wenye nia njema.

Alipoona mambo yamezidi, mama mmoja mtu mzima katika darsa yetu ya Alhamisi alifanya jambo jepesi. Alimwuliza aliyemletea ujumbe, “Wewe umeupata kwa nani?” Akatajiwa jina. Akamwendea wa pili, akamwuliza vilevile, akamwendea na wa tatu. Kufika kwa wa nne akaambiwa ulitoka kwa jamaa wa mji mwingine, na kwamba uliposikika huko haukuwa mpya. Ulikuwa umesikika miezi kadhaa nyuma ukihusu mtaa mwingine kabisa. Bibi yule hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Lakini alikuwa ameifuata sanadi kwa miguu yake, na sanadi ikakatika. Alhamisi iliyofuata akasimama mbele ya wanawake akaeleza alikopita. Baadhi ya wateja walirudi. Baadhi hawakurudi hata leo, kwa kuwa habari ya uongo huenda mbio na ukanusho wake huja ukichechemea.

Katika kuendelea kusoma tuligundua kwamba kule Wellesley walitengeneza chombo kwa ajili ya kazi hiihii, wakakiita TwitterTrails. Ukikipa uvumi ulioenea Twitter, kilikusanya jumbe na kuonyesha nani alitangulia kuusema, wakati gani ulilipuka, na nani waliusambaza. Kilipima vitu viwili, yaani uvumi umesambaa kiasi gani na watu wameutilia shaka kiasi gani. Wazo la ndani yake ni kwamba jamaa nzima ikiwa na baadhi ya watu wanaosimama na kuuliza, shaka yao ni dalili yenye thamani.

Hapa pana tofauti ambayo yafaa tuielewe vizuri. Twitter ilikuwa kama uwanja wa wazi. Maneno yaliandikwa mbele za watu, na mtafiti aliyekaa Massachusetts aliweza kuyakusanya. Sisi huku mambo yetu mengi hupita katika makundi ya WhatsApp, nayo yamefungwa. Mtu wa nje hawezi kuyasoma, na hiyo ni sitara tunayoihitaji. Lakini sitara hiyo ina maana kwamba hakuna profesa atakayekuja kutufuatilia sanadi zetu. Ujumbe ukiingia katika kundi la ukoo, wanaoweza kuuliza ulikotoka ni waliomo humo tu. Jukumu linatuangukia sisi, mama zangu na dada zangu, maana wengi wetu ndio wenye kuyaongoza makundi hayo.

Kampuni yenyewe imetuachia alama moja ya kutusaidia. Ujumbe uliokwisha kupelekwa mbele mara nyingi, kwa mlolongo wa watu watano au zaidi, huja na mishale miwili na maneno ya kueleza hivyo, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa isipokuwa kwa kundi moja au mtu mmoja kwa wakati. Mishale hiyo haisemi kwamba habari ni ya uongo. Inasema kwamba aliyekuletea siye aliyeisema, wala aliyemletea yeye siye. Kwa lugha ya maalim wetu, wapokezi wake ni majuhuli, hawajulikani. Katika darsa yetu tumekubaliana juu ya maswali matatu kabla ya kuupeleka mbele ujumbe wowote unaogusa heshima, riziki au usalama wa mtu: nani aliyeona kwa macho yake, lini, na wapi? Likikosekana jibu la mojawapo, ujumbe unaishia kwangu. Si kazi ngumu. Ugumu wake ni kuuzuia mkono.

Nirudi kwa swali la ami na mashangazi. Kuhusu kwamba kompyuta ni ya wanaume, kuna chuo kingine kidogo, Harvey Mudd, katika jimbo la California, chenye wavulana na wasichana. Mwaka 2006 kiliongozwa kwa mara ya kwanza na mwanamke, Bi Maria Klawe, naye mwenyewe ni mtaalamu wa kompyuta. Wakati huo wasichana walikuwa kama mmoja katika kila wanafunzi kumi wa kompyuta. Walimu wakakaa wakajiuliza kwa nini. Waligundua kwamba somo la mwanzo lilikuwa likiwatisha: wavulana waliozoea kompyuta tangu utotoni walitawala darasa, na anayeanza alijiona mjinga. Basi wakawatenga wanaoanza na waliozoea, wakabadilisha somo liwe la kutatua matatizo ya kweli, wakawapeleka mabinti wa mwaka wa kwanza katika mkutano mkuu wa wanawake wa fani hiyo, na wakawapa nafasi za utafiti mapema. Katika miaka michache wasichana wakafika kama asilimia 40, na kufikia mwaka 2016 walikuwa zaidi ya nusu ya waliohitimu kompyuta chuoni hapo. Akili za mabinti hazikuwa zimebadilika. Mlango ndio uliopanuliwa.

Binti yangu hatakwenda Wellesley wala Harvey Mudd. Gharama za huko si za mtu wa kipato chetu, na babake hajawa tayari kumwona akivuka bahari peke yake. Tumekubaliana asome hapa nyumbani, na Mwenyezi Mungu akimfungulia baadaye, hilo ni la baadaye. Lakini tunapotazama vyuo vya kwetu sasa tunajua cha kuuliza. Hatuulizi tu kama kuna maabara yenye mashine mpya. Tunauliza kama mwalimu atamjua kwa jina, kama atampa kazi ya utafiti akiwa bado kijana, na kama darasa litamkaribisha anayeanza. Ami yake amekubali kufuatana naye siku ya kwenda kukitazama chuo cha kwanza.

Nami nimempa sharti moja, na amelipokea. Ajifunze kompyuta kama mtu aliyepewa amana. Atakapoweza kutengeneza programu, ajue kwamba upande wa pili wake yuko mama mwenye beseni la mahamri, ambaye neno moja lisilo na mwenyewe laweza kumkosesha unga wa kesho. Tumwombe Mola ajaalie elimu ya watoto wetu iwe yenye manufaa, azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na awape riziki ya halali wote waliodhulumiwa kwa uvumi. Amin.

Wallahu aalam.